Boti ya Faiba Imepauka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Msasa

Boti kuukuu za faiba huletwa kwa fundi na lalamiko moja: imepauka. Mwenye chombo anataka ing'ae kabla ya wageni wa msimu, na fundi mwenye haraka anachomeka grenda kwenye umeme. Hivyo ndivyo gelikoti nyingi, yaani tabaka la nje linalong'aa la boti, zinavyomalizwa kwenye pwani yetu, na inauma kuona ubavu ambao ungeweza kuishi miaka mingine mingi ukitobolewa kwa asubuhi moja. Kupauka ni dalili tu. Nyuma yake inaweza kuwepo chumvi iliyoganda, nta ya zamani iliyogeuka njano, jua lililokula uso wa juu, rangi ya dukani iliyopakwa na mwenye boti wa zamani, au tabaka lenyewe lililokwisha. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja huharibu kingine.

Gelikoti ni rezini ya poliesta iliyochanganywa na rangi. Hupulizwa au kupakwa ndani ya kalibu kwanza, kisha mati (mkeka wa nyuzi za kioo) na rezini hufuata juu yake, kwa hiyo boti ikitolewa kwenye kalibu, gelikoti ndiyo uso wake wa nje. Boti ikiwa mpya, tabaka hilo lina unene wa milimita 0.5 hadi 0.8 hivi, yaani kama kadi ya benki. Hiyo ndiyo akiba yote. Kila msasa unaopita juu yake unakata kitu kisichorudi, na kwenye kona na kingo tabaka mara nyingi huwa jembamba zaidi. Boti iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, hujui imebakiwa na kiasi gani. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kabla ya kazi.

Kinachotokea juani ni hiki. Mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo ya poliesta kwenye uso. Rezini ikivunjika, chembe za rangi hubaki hazina kinachozishika, na huo ndio unga unaokamatia kwenye nguo ukiegemea boti. Uso unakuwa na vinyweleo, maji ya chumvi na uchafu vinapata pa kukaa, mng'ao unapotea. Nyeupe hustahimili muda mrefu kabla ya kuonyesha. Buluu na nyekundu hujionyesha mapema. Sitaha, inayotazama mbinguni mchana kutwa, hupauka kabla ya ubavu.

Osha, kisha pima

Usihukumu boti chafu. Mwagia maji baridi mengi kuondoa chumvi na mchanga, kisha osha kwa sabuni laini ya maji na sponji. Unga wa kusugulia masufuria weka mbali, na stiliwaya usiiguse kabisa: vipande vyake vidogo hubaki kwenye vinyweleo, na baada ya siku chache utaona vidoa vya kutu ambavyo havikuwepo. Suuza, acha ikauke kabisa. Boti nyingine huishia hapa, kwa sababu kilichokuwa kimeitia ukungu kilikuwa chumvi na moshi wa dizeli.

Ikiwa bado imepauka, fanya vipimo vitatu. Vyote havichukui muda wa kunywa chai.

Pitisha kidole kikavu, au kitambaa cheusi ikiwa boti ni nyeupe. Unga ukija, rezini ya juu imevunjika. Usipokuja na uso bado umefifia, huenda unatazama nta au mafuta ya zamani. Kisha lowesha sehemu ya ukubwa wa kiganja na uitazame kabla haijakauka. Maji hujaza vinyweleo kwa muda, na rangi unayoiona hapo iko karibu na ile utakayoipata kazi ikiisha. Buluu ikirudi kuwa buluu, furahi: tabaka lipo, linahitaji kufunuliwa tu. Ikilowa na bado ikaonekana mabaka mabaka, au ukaanza kuona nyuzi za mati kwa chini, hakuna polishi itakayokusaidia.

Cha tatu ni tina, kiyeyusho cha rangi. Chagua mahali pasipoonekana, sugua kwa kitambaa chenye tina kidogo. Gelikoti iliyoiva haiyeyuki. Rangi ikilainika, ikinata na kuhamia kwenye kitambaa, hiyo ni rangi ya kawaida iliyopakwa juu, na kuipiga kompaundi, yaani dawa ya kusugulia inayokata uso, ni kuichuna. Rangi za kuchanganya mbili, yaani rangi na dawa yake ya kuigandisha, haziyeyuki kwa tina, kwa hiyo tafuta pia mahali palipobanduka na uchungulie ukingo wake: ukiona nyeupe chini ya buluu, au mistari ya rangi tofauti, boti hiyo imewahi kupakwa. Ukitaka kujua rangi yake halisi ya kiwandani, fungua skrubu za mpira wa pembeni au bandua stika ya zamani ya namba za usajili. Chini yake jua halijafika.

Uso umefifia, hauna unga, una unjano na unateleza

Hii ni nta ya miaka, pengine na mafuta. Watu wetu wamelelewa na majahazi, na mbao za jahazi hupakwa sifa, mafuta ya samaki, kwa sababu nzuri: ubao unayanywa na yanaukinga. Baadhi wamehamishia desturi hiyo kwenye faiba, wanafuta ubavu kwa dizeli au mafuta ya kupikia ili ung'ae siku ya kuja mteja. Faiba hainywi mafuta kwa faida yoyote. Yanakaa kwenye vinyweleo, yanakamata vumbi, yanageuka njano, na jua linaendelea na kazi yake chini yake.

Dawa ni kuondoa nta kabla ya jambo lolote. Tumia kiondoa nta au tina kwa vitambaa viwili: kimoja chenye tina kinayeyusha, kingine kikavu kinafuta mara moja kabla haijakauka. Ukitumia kimoja tu unahamisha nta kutoka hapa kwenda pale. Badilisha vitambaa mara kwa mara. Ukiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye msasa, nta itauziba, utakata mabaka na kuacha mabaka.

Unga unatoka na rangi inarudi ikilowa

Hii ndiyo kazi ya kawaida, na ndiyo inayolipa zaidi ikifanywa kwa subira. Usianze na ubavu mzima. Zungushia tepu ya karatasi eneo la sentimita 30 kwa 30 mahali palipopauka sana, ujaribu humo, ukianza na dawa dhaifu kuliko zote. Piga kompaundi laini kwanza. Ikirudisha mng'ao, umeokoa unene ambao ungeupoteza bure. Isiporudisha, panda hadi kompaundi kali. Ikishindwa nayo, ndipo unachukua msasa wa maji, na hata hapo unaanza na namba 1000. Ikiteleza bila kukata, shuka hadi 800, na 600 ni kwa ubavu uliooza kweli. Kile kilichofaulu kwenye mraba huo ndicho utakachofanya boti nzima, isipokuwa sitaha, ambayo huenda ikahitaji hatua moja kali zaidi.

Msasa wa maji upige kwa mkono, juu ya kibao cha mpira au cha sponji ngumu, si kwa vidole vitupu, maana vidole huchimba mifereji. Weka tone la sabuni kwenye ndoo ili karatasi iteleze. Kabla ya kila namba, chora mistari mepesi ya penseli juu ya eneo. Sugua kuelekea upande mmoja mpaka mistari iishe, suuza, kausha, tazama. Namba inayofuata sugua kukatiza, upande mwingine. Hivyo utaona kama mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha, kwa sababu iliyobaki itakuwa imelala kinyume.

Tazama maji yanayotiririka. Mwanzoni ni mazito kama tui na yana rangi ya boti. Hiyo ni rezini iliyokufa inayoondoka. Yakianza kuwa mepesi na karatasi ikawa inashika sawasawa badala ya kuruka, umefika kwenye gelikoti nzima. Simama hapo. Mafundi wengi wanaendelea kwa sababu uso bado hauna mng'ao, wakati mng'ao si kazi ya namba hiyo. Nenda 1000, 1500, na kwa rangi za giza 2000, ndipo kompaundi.

Kazi hii ikifanyika ufukweni, panga na maji. Wakati wa bamvua bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye sehemu kubwa ya pwani yetu, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita tu, kwa hiyo chombo kilichopwelea hakikupi siku nzima. Fanya upande mmoja uumalize mpaka nta. Usiache gelikoti iliyofunguliwa kwa msasa ikilala kwenye chumvi na jua. Na kusi likivuma, mchanga unaruka. Punje moja ikinasa kwenye pedi ya mashine huchora miduara ambayo utaiona kila jua likishuka. Weka turubai upande wa upepo, au subiri.

Mashine inaacha miduara, madoa ya njano, au harufu ya kuungua

Karibu kila mara chanzo ni mwendo. Mashine ya polishi inayofaa huzunguka mara 1,200 hadi 1,800 kwa dakika. Grenda ndogo ya kukatia vyuma huzunguka kama mara 11,000. Kuifunga pedi ya manyoya na kuipeleka kwenye faiba ni kuchoma poliesta. Uso unalainika, unageuka njano au kahawia, na kwenye ukingo tabaka linaisha kabla hujashtuka. Kama huna mashine ya polishi, azima, kodi, au fanya kwa mkono sehemu kwa sehemu. Grenda isiyopunguzwa mwendo isiguse boti.

Hata na mashine sahihi, usikae mahali pamoja. Weka kiganja chako pale ulipotoka tu: pakiwa pa vuguvugu, sawa, ukishindwa kuacha kiganja, umepitiliza. Kingo, mikunjo na mahali skrubu zilipo zifunike kwa tepu, uzimalize kwa mkono. Pedi iliyojaa kompaundi kavu haikati tena, inapasha joto tu, kwa hiyo isafishe kila baada ya vipande vichache kwa mswaki mgumu. Miduara inayobaki baada ya pedi ya manyoya ni ya kawaida. Huondolewa na pedi ya sponji na kompaundi laini. Isipotoka, ni mikwaruzo ya msasa uliorukwa namba, na hakuna polishi inayofuta pengo hilo. Rudi nyuma namba moja.

Iling'aa, baada ya wiki chache imepauka tena

Hili ndilo lalamiko linalovunja uaminifu kati ya fundi na nahodha. Mwenye boti anasema ameuziwa maneno. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba rezini iliyokufa haikuondolewa, ilifunikwa. Kompaundi nyingi na nta za rangi zina mafuta yanayojaza vinyweleo na kuonyesha mng'ao siku hiyo, kama maji yanavyofanya kwenye kipimo. Mafuta yakikauka, unga unarudi. Njia ya kuhakikisha ni kufuta mraba wako wa majaribio kwa tina baada ya kompaundi na kabla ya nta. Mng'ao ukibaki baada ya tina, ni wa gelikoti. Ukitoweka, ulikuwa wa mafuta, na kazi bado.

Sababu ya pili ni nta iliyopakwa juani juu ya ubavu wa moto. Inakauka kabla haijasambaa na kuacha michirizi myeupe migumu. Paka asubuhi mapema au kivulini, tabaka jembamba, futa, kisha tabaka la pili. Sababu ya tatu ni vanishi. Wako wanaopaka vanishi ya mbao juu ya unga ili kumaliza haraka. Inang'aa kweli, lakini imeshika unga, haikushika boti. Ikifika kiangazi inabanduka maganda maganda na kuwa njano, na kuikwangua ni kazi kubwa kuliko ile iliyokwepwa.

Madoa yasiyotoka kwa kompaundi

Usiyasugue. Doa lililoingia kwenye vinyweleo linahitaji kemia, na kulifukuza kwa msasa ni kuchimba shimo. Mstari wa kahawia penye usawa wa maji, hasa kwa boti zinazolala kwenye vijito vya mikoko, ni rangi ya magome na majani iliyoyeyuka majini. Huo na michirizi ya kutu huondoka kwa asidi ya oksali: paka, acha dakika kadhaa ikiwa mbichi, suuza kwa maji mengi. Ni sumu, kwa hiyo vaa glovu na miwani, na watoto wawe mbali. Maji ya ndimu husaidia madoa mepesi. Wala usichanganye asidi yoyote na Jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Michirizi ya kutu ikirudi, chanzo kiko juu yake, kwenye skrubu au bolti iliyochakaa, na hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Weusi wa matairi yanayotumika kama madafrao gatini hutoka kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa. Yavalishe matairi turubai nzito, vinginevyo utafuta kila safari.

Nyufa, vitundu na malengelenge

Nyufa nyembamba zinazotoka kama miale kutoka sehemu moja ni za kugongwa au za faiba inayonyumbuka. Kompaundi haitazifuta, kwenye boti ya buluu itazijaza weupe na kuzionyesha zaidi. Tafuta kwanza kinachonyumbuka. Vitundu vidogo kama vya sindano vinavyojitokeza ukipiga msasa ni viputo vya hewa vilivyofungwa siku boti ilipomwagwa. Vijaze kwa gelikoti. Malengelenge chini ya usawa wa maji, yanayotoa maji yenye ukali wa siki ukiyatoboa, ni maji yaliyopenya kwenye faiba. Hayo si ya polishi. Boti itoke majini, ifunguliwe na ikaushwe kwa muda mrefu, chini ya fundi anayeijua kazi hiyo. Vaa miwani ukitoboa, hutoka kwa shinikizo.

Mati inaonekana: tabaka limekwisha

Hapa chaguo ni mbili, gelikoti mpya au rangi. Kwa kipande kidogo, gelikoti. Kwa ubavu mzima, maoni yangu ni rangi ya poliyurethani ya kuchanganya mbili juu ya praima yake, kwa brashi na rola. Kuipuliza kunatoa isosayanati, kemikali zenye sumu ambazo barakoa ya kawaida haizuii. Rangi inajilaza yenyewe, wakati gelikoti ya brashi huacha matuta yanayodai msasa boti nzima.

Ukipaka gelikoti na ikabaki inanata, usikimbilie kuikwangua. Futa kwa asetoni. Chini ikiwa ngumu, ni hewa tu iliyozuia uso kuiva, jambo la kawaida kwa poliesta; tabaka la mwisho lilihitaji nta ya parafini ndani yake au karatasi ya nailoni juu yake. Ikiwa laini mpaka chini, hadina, dawa ya kuigandisha rezini, haikutosha au haikukorogwa. Hiyo iondoe yote. Hadina hupimwa kwa mizani au sindano, asilimia 1 hadi 2. Kwa joto letu mimi hukaa karibu na 1 hadi 1.5, na sishuki chini ya 1 hata kukiwa na joto kali, kwa sababu haitaiva vizuri siku yoyote. Tone la hadina jichoni linaweza kupofusha: suuza kwa maji dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Kobalti, dawa ya kuharakisha kuiva, na hadina zisikutane moja kwa moja kwenye kikopo, huwaka au kulipuka.

Kuitunza baada ya hapo

Nta ndiyo inayopokea jua badala ya gelikoti, na kwa boti inayolala juani kwenye ukanda wetu nahesabu miezi mitatu hadi minne kabla ya kupaka tena. Maji yakiacha kujikusanya matone na kuanza kujitandaza, muda umefika. Epuka zenye silikoni, kwa sababu siku utakayohitaji kupaka rangi, itajikunja na kuacha macho madogo madogo. Usipake nta chini ya usawa wa maji, rangi ya kuzuia konokono na chaza haitashika. Na ukiifunika boti kwa turubai, lifunge likaze; turubai linalopigapiga kwa upepo na chumvi kati yake na ubavu linasugua usiku kucha.